Matembezi ya familia karibu na mjini Unguja: wapi pana kivuli na njia ya kumfaa mama mwenye goti?

Baba Nasra (mleta uzi), Jumanne usiku

Assalaam alaykum wanajukwaa.

N'na suali. Skuli zimefungwa na watoto wangu wawili wameota mizizi mbele ya simu. Nasra ana miaka saba, Idi ana minne. Nyumbani yupo na mama yangu mzazi, sabini na ushei, goti la kulia linamsumbua na anatembea na mkongojo, ila ulimi bado uko sawasawa. Mke wangu kashatoa amri: kila Jumapili familia itoke, ikatembee pahala penye miti, ikapumue hewa isiyokuwa ya Magomeni.

Masharti yangu haya, msinicheke. Sina gari, kwa hiyo pawe panafikika kwa daladala. Njia iwe ya saa moja kwenda na kurudi, isiwe na mlima. Kivuli lazima. Choo lazima, maana Idi akiita "baba" kwa sauti ile ninayoijua, n'na dakika mbili tu. Bahari sitaki. Bahari tunaijua, na mama mchanga unamtesa kuliko ngazi.

Mara ya mwisho nilijitia mjuzi. Nikamfuata papasi mmoja wa mjini, wale wa kuwazungusha wageni, atupeleke shamba la viungo. Tukatajiwa bei ya wageni, nikagomba, ikashuka nusu, nayo ikawa bado ni nyingi. Tukazungushwa saa mbili na zaidi, jua la utosi, tunanusishwa majani ya mdalasini ambao mama anao uani kwake. Goti likakataa katikati ya njia, mama akaachwa amekaa juu ya gogo, na jicho alilonitupia pale nilikuja nalo mpaka nyumbani. Faida tuliyopata ni kofia ya makuti aliyosukiwa Idi. Siku ya pili mbuzi wa jirani akaila.

Haya, nawasikiliza.

mtoto_wa_vuga

Forodhani. Uzi ufungwe.

Jioni upepo, taa, urojo, maji ya miwa, watoto wanawatazama vijana wanaochupa baharini. Tangu watu wa Aga Khan waitengeneze upya 2009 imekaa vizuri, nyasi zipo, viti vipo, na pa kuchezea watoto papo. Mama anakaa zake anakula mishikaki. Wataka nini tena yakhe?

Baba Nasra

Sheikh, Forodhani tunakwenda kila mshahara ukitoka. Pale hatutembei, pale tunakula. Hatua arobaini kutoka meza ya pizza mpaka meza ya miwa, na Idi anataka kote kuwili. Halafu mama akiiona Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la hapo hapo Forodhani, hali iliyofikia tangu iporomoke ile Disemba 2020, matembezi yanageuka matanga. Alikuwa akikutana pale mbele na marehemu baba, kabla ya posa. Sikukwambia mie.

Ukhti Raya

Baba Nasra, mie n'na watoto wanne na mama mkwe mmoja, nimeshakosea kila unapotaka kukosea. Nisikilize.

Anzia karibu kabla hujaparamia misitu. Bustani ya Jamhuri, hapo Vuga, ile ambayo wazee bado wanaiita Victoria Garden. Watu wanaipita kila siku wakienda hospitali na hawageuzi shingo. Miti mikubwa, njia bapa, hakuna wa kukuuzia kitu. Nenda asubuhi saa moja na nusu, jua halijapata nguvu. Zungukeni bustani, tokeni, fuateni barabara ya Kaunda upande wa kivuli mpaka Makumbusho ya Beit el Amani, lile jengo jeupe lenye kuba lililofunguliwa 1925, kisha ukingo wa viwanja vya Mnazi Mmoja, kisha kule kule mlikotoka. Kwa mguu wa mtoto wa miaka minne ni kama nusu saa. Ukiweka na vituo vya kuokota vitu, saa nzima.

Na kuokota ndiko kwenyewe. Wangu wakikuta makungu yameanguka hapo hatuondoki. Utafute jiwe bapa la chini na jiwe zito la juu, kungu ulisimamishe wima kwa ncha yake, upige MARA MOJA. Ukilipiga mara tatu umesaga, huambulii kitu. Likipasuka vizuri punje inatoka nzima, nyembamba, nyeupe, tamu kuliko lozi ya dukani. Mwanangu wa tatu alijifunza kuhesabu kwa makungu, wallahi, si kwa skuli.

Mama akichoka, viti vipo. Hilo ndilo jaribio lako. Ukiona goti limestahamili nusu saa ya pale, njoo tena hapa tuzungumze misitu.

Jioni usiende Kariakoo kwenye pembea ukadhani ni matembezi. Kule unakwenda na pochi.

dereva_502

Naendesha gari ya Bububu siku nyingi na nawashangaa watu wa mjini, mkisikia msitu mnasema Jozani tu. Masingini je? Kilomita sita, saba kutoka mjini. Abiria wangu kila siku wanapita chini yake hawajui kama juu kuna msitu mzima umekaa kimya.

Ila Baba Nasra sikufichi: kutoka barabara kuu kwenda juu ni kilima, na kilima kweli. Mama mwenye goti usimpandishe kwa miguu, nikikuona nasimamisha gari nakugombeza mbele ya abiria. Chukua bajaji pale Bububu, patana bei ya kwenda na kurudi kabla mama hajakaa. Mama akishakaa bei inapanda, maana wanajua humteremshi.

Mzee Mkungu

Dereva kasema kweli, na nimefurahi kuna mtu anaitaja Masingini. Nimekula mkate wa misitu zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Kwanza msitishwe na kilima. Ni pahala pa juu kuliko pote Unguja, lakini hiyo juu yenyewe ni kiasi cha mita 120 tu kutoka usawa wa bahari. Kwa mtu wa Kilimanjaro hilo ni tuta la muhogo. Ukishafika, ndani ya msitu njia za miguu ni za udongo, si jiwe la matumbawe kama kusini. Goti linapenda udongo. Piteni ofisini kwanza, mpewe mtu wa kuwaongoza, na mwambieni mapema kabisa: njia fupi, tuna mzee. Msipomwambia atawapeleka alikozoea kupeleka vijana.

Pili, mjue mnatembea juu ya nini. Ule msitu ni paa la maji. Mvua inaangukia majani, inashuka taratibu kwenye udongo, inatokea chemchemi za upande ule wa kaskazini ya mji. Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi kwa mfereji mpaka mjini, watu wakaacha kugombea visima. Ndiyo maana sisi tukimkuta mtu na panga mle tunagomba kama kaingia na panga chumbani kwetu. Waambieni watoto maji ya bomba yanaanzia pale. Wangu hawakuamini mpaka nilipowaonesha ardhi ilivyo baridi chini ya majani makavu. Tieni mkono, mtaona.

Tatu, majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini. Kwenye miembe na mikarafuu ya njiani mtaona majani yameshonwa pamoja, yamekuwa kama pochi ya kijani inaning'inia. Hiyo ni nyumba yao. Msisimame chini yake kupiga picha. Nilimpeleka dada yangu mwaka mmoja, akasimama pale pale nilipomwambia asisimame. Mmoja akamwingia ukosini. Siku ile mtu mzima, hajjati, alicheza ngoma ambayo mpaka leo hatujui ni ya mkoa gani.

Masika msiende, udongo ule ule unaosifiwa hapo juu unateleza kama bamia. Subirini kipupwe, Juni na Julai, hewa inakuwa tamu.

mtoto_wa_vuga

Mzee shikamoo. Ukiwafikisha Bububu usisahau kuwaambia watoto kuhusu treni. Jina lenyewe ndilo mlio wake, bu-bu-bu.

Mzee Mkungu

Marahaba mwanangu. Treni ilikuwepo, ilitoka Forodhani ikipita Malindi mpaka Bububu, ilianza 1905. Lakini Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani 1886, na aliwahi kukaa huko. Sasa treni ya 1905 iliwezaje kulipa jina shamba la kabla ya 1886? Wengine husema ni mlio wa maji ya chemchemi yakitoka ardhini. Hiyo naweza kuimeza.

mtoto_wa_vuga

Babu yangu kanidanganya miaka thelathini.

Ukhti Raya

Jamani tusimpoteze mwenye uzi, mama wa watu ana goti. Treni mtaifungulia uzi wake.

Baba Nasra, kuna kitu kimoja hawa wanaume hawatakwambia kwa sababu wao hawabebi mtoto: kwa mzee na mtoto mdogo, pahala rahisi kuliko pote katika kisiwa hiki pa kutembea ndani ya kijani ni lile daraja la mbao kwenye mikoko ya Pete, jirani na msitu wa Jozani. Najua si karibu. Jozani ni kama kilomita 35 kutoka mjini. Lakini gari za Makunduchi na za Jambiani zinapita mlangoni kwenyewe, kwa hiyo ni mwendo wa kukaa tu. Mnalipa langoni, mnapewa muongozaji, mikoko iko mbele kidogo upande wa Pete.

Pale hakuna mzizi wa kujikwaa wala shimo. Mbao zimepangwa bapa juu ya tope, mnakwenda mstari mmoja taratibu, mikoko imefunika juu. Mkongojo unapiga ko, ko, ko, ndiyo sauti pekee. Mkwe wangu, ambaye kwa kawaida kila tukitoka husema "mngeniacha nikafa nyumbani", alitembea mwanzo mpaka mwisho na akaomba turudie.

Tazama maji tu. Yakijaa, na hasa siku za bamvua, chini unaona maji ya kahawia basi. Yakitoka, tope lote linakuwa hai. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wanalipungia hewani kama askari wa barabarani. Visamaki vinavyotembea juu ya tope kwa mapezi, vinakutazama kwa macho yaliyokaa juu ya kichwa. Watoto watalala kifudifudi kwenye mbao wachungulie, waache. Uliza wavuvi saa ya maji kabla hujapanga saa ya safari.

Ule msitu mkubwa wa Jozani wenyewe nao una njia fupi na nzuri, mitondoo mirefu, giza la kijani. Ila mvua kubwa zikishapiga maji hukaa juu ya ardhi mle ndani, na njia ina mizizi. Kwa goti, Pete kwanza.

Mpemba_wa_Konde

Nimesoma uzi mzima nasubiri mtu aitaje Pemba. Hakuna. Basi nimekuja mwenyewe.

Nyie mnahangaika na bajaji kutafuta mti. Sie huku ukifungua mlango uko msituni. Watu wa Chake wana Kidike, kiasi cha kilomita kumi, kijiji kimejaa popo wakubwa ambao hawapatikani pengine popote duniani isipokuwa Pemba. Mbawa akizikunjua ni mita moja na nusu na zaidi, uso kama wa mbweha, manyoya mekundu ya kahawia. Zamani tulikuwa tunawala, tusifichane, mpaka walikaribia kwisha, kisha watu wa kijiji wenyewe wakakaa wakakubaliana kuwalinda. Sasa wananing'inia mchana kutwa kwa mamia, wanagombana kama wanawake kwenye foleni ya maji. Unakaa kwenye kivuli, unatazama juu. Goti halihusiki kabisa, labda shingo.

Na sie wa Konde tuna Ngezi. Barabara inapita katikati ya msitu, mivule imekutana juu, unatembea barabarani kivulini mpaka unatokea pwani ya Vumawimbi. Mama akichoka anapanda gari inayopita.

mtoto_wa_vuga

Kaulizia karibu na mjini, weye unampandisha meli.

Mpemba_wa_Konde

Chake si mji? Wete si mji? Au mji ni kuwa na foleni?

Halafu kima wenu punju mlituletea Ngezi miaka ya 70, mkidhani hatujui. Tunawalea mpaka leo. Hata ahsante.

Mzee Mkungu

Hapo Mpemba kasema kweli, walihamishwa wachache kwenda Ngezi mwaka 1974, na baadaye wengine wakapelekwa Masingini. Ngezi hawakuzaana sana. Masingini walikubali. Kwa hiyo Baba Nasra unaweza kuwaona bila ya kutoka nje ya daladala ya Bububu, karibu hivyo. Hata hivyo kwao hasa ni Jozani.

Baba Nasra

Ahsanteni sana, sikutegemea. Mama kasomewa uzi wote, kacheka kwenye majimoto mpaka kashika ubavu. Ripoti ndogo: Ijumaa alasiri tulikwenda Bustani ya Jamhuri kama alivyoagiza Ukhti Raya (si asubuhi, samahani, kazi). Goti limepita mtihani. Makungu tumepata manne, nikasaga matatu.

Sasa tunataka Pete Jumapili ya wiki ijayo. Masuali: kigari cha mtoto nibebe? Chakula gani? Na hawa kima, Idi hawezi kuona kitu chenye mkia asikikimbilie.

Ukhti Raya

Kigari acha nyumbani. Daladala hakina pa kukaa na kwenye mbao utaziba njia. Idi ana miaka minne, ana miguu.

VIATU VYA KUFUNGA. Naandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Si ndara, si malapa, si vile viatu vya sikukuu vya kung'aa. Viatu vya skuli vya mwaka jana vitafaa. Nguo ya mikono mirefu, kwenye mikoko saa za jioni mbu wanakungoja.

Chakula: mkate wa kumimina unakaa vizuri kwenye mkoba, hauvuji, hauna mchuzi. Kachori kama mnapenda. Ndizi usichukue, au ukichukua kuleni garini. Maji mengi. Kitambaa cha kulalia mtoto na mkeka mdogo wa mama kuswalia.

Mzee Mkungu

Kuhusu kima: wale wa Jozani wamezoea watu, wanakaa kwenye miti ya karibu na barabara, chini kabisa, utadhani unaweza kuwagusa. Usiguse, usilishe, usisogee. Ukiwa na mafua vaa barakoa au kaa mbali zaidi, maradhi yetu yanawapata. Mwambie Idi amtazame mkono: kima punju hana kidole gumba kama chetu, ana vinne virefu tu vya kujitundikia. Mpe hiyo kazi ya kutafuta gumba, atasahau kukimbia.

Na kuna jambo jengine watoto hulipenda. Wale wanaoishi karibu na mashamba hula majani machanga ya miembe na mikungu, na majani hayo yana vitu vinavyowachafua tumbo. Basi dawa yao ni makaa. Wanashuka kwenye tanuri la zamani au nyuma ya jiko la mtu, wanaokota kipande cha makaa, wanakaa wanakitafuna kama biskuti. Nimewaona kwa macho yangu, midomo myeusi. Wazee waliwaita punju, yaani sumu, wakidhani mti wanaoulia unakufa. Sivyo, lakini jina likishaganda limeganda. Hesabu iliyotolewa 2019 ilipata zaidi ya 5,800 katika kisiwa chote, na kwa asili hakuna pengine wanapopatikana.

Langoni chukueni vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, muoneshe kabla hamjaulizwa. Bei ya mkaazi na ya mgeni si moja. Muombe risiti.

Baba Nasra, siku kumi na mbili baadaye

Tumerudi. Nakaa kuandika huku wote wamelala, saa mbili tu ya usiku, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumba hii.

Tuliondoka saa mbili asubuhi na gari ya Makunduchi. Tulipofika kwenye miembe ya Bi Khole mama akaanza hadithi yake ya kila siku, yule mtoto wa mfalme na miembe yake, na kwa mara ya kwanza Nasra akaisikiliza kwa sababu miembe yenyewe ilikuwa inapita dirishani. Langoni tulionesha vitambulisho, hakuna aliyetusumbua, risiti ipo. Choo kipo, Idi alikijaribu mara tatu.

Kima tuliwaona kabla hatujawatafuta. Wanane, na kitoto kimoja kimening'inia tumboni kwa mama yake. Idi akasimama, akainua mkono wake mwenyewe, akakunja gumba ndani, akatazama vidole vinne vilivyobaki, akatazama kima. Alikaa hivyo muda. Baadaye kule nyumbani alikula chakula chote bila ya gumba.

Kutoka langoni kwenda kwenye mikoko ni mwendo kidogo na jua lilishapanda. Muongozaji wetu, kijana mpole sana, akamwita mtu wa bodaboda wa kijijini. Mama hajapanda chombo cha magurudumu mawili tangu Vespa ya marehemu baba. Akakaa upande, buibui kalikusanya mapajani, mkongojo kaukumbatia kama bunduki, akaondoka bila ya kutuaga. Tulimkuta kashakaa kivulini anamuuliza yule kijana wa boda ni mtoto wa nani.

Maji yalikuwa yametoka, ahsante Ukhti Raya, nilimpigia simu mvuvi wa huko.

Sasa kilichotokea kwenye mbao. Muongozaji akaanza maelezo yake, huu ni mkoko, huu ni mkandaa. Mama akamsikiliza kwa adabu mpaka mti wa tatu. Kumbe mie mwanawe sikujua, au nilijua nikasahau: mama ni mtu wa Chwaka, na babu yangu alikuwa akikata boriti. Akasimama, akanyoosha mkongojo. Huu mkoko, boriti za nyumba za mjini zilitoka humu. Huu mkandaa, maganda yake tukiyachemsha yanatoa rangi nyekundu, baba alikuwa akitilia nyavu zisioze. Huu msinzi. Na ule pale mchu. Akamwita Nasra, akachuma jani moja la mchu, akamwambia lilambe. Nasra akanitazama mie. Nikamtazama muongozaji. Muongozaji akatikisa kichwa, sawa. Akalamba. "Lina chumvi!" Mama akasema mti unakunywa bahari, chumvi unaitemea juu ya jani. Kisha sote tukalamba jani, pamoja na muongozaji, ambaye aliitoa simu yake akaanza kumrekodi mama.

Njia ambayo Ukhti Raya kasema ni fupi ilituchukua saa moja na robo. Goti sijalisikia kutajwa hata mara moja mpaka kwenye ngazi ya daladala.

Ubaya nao niuseme. Kurudi tulikaa chini ya mti njiani karibu saa nzima, gari tatu zimepita zimejaa. Ya nne ilikuwa imejaa pia lakini utingo alipomwona mama akawanyanyua vijana wawili, mmoja akampakata Idi mpaka mjini, mtoto kalala kifuani kwa mtu tusiyemjua. Kwa hiyo wenye watoto wadogo zaidi, ondokeni kule kabla ya saa saba, msingoje alasiri kama sie. Na mkate wa kumimina haukutosha.

Jambo la mwisho. Idi alikataa viatu vya skuli asubuhi. Tulikuwa tumechelewa, mke wangu akasema muache, nikamuacha. Kavaa ndara. Katikati ya daraja, amelala anachungulia kaa, moja ikaponyoka mguuni ikapita kwenye upenyo wa mbao. Ilianguka kwenye tope bila ya sauti. Kaa watatu wakatoka kuitazama. Muongozaji akaijaribu kwa fimbo, ndiyo kwanza ikazama.

dereva_502

Kaa watatu 😂😂 Mama huyo wa Chwaka ukimleta upande wangu nampandisha Masingini bure, mpaka juu, na kumngoja nangoja.

Mzee Mkungu

Mfikishie salamu zangu mama. Muulize kama anakumbuka mlilana unaota wapi upande wa Chwaka, nina ubishi na mtu.

Mpemba_wa_Konde

Meli inaondoka asubuhi. Nasema tu.

Ukhti Raya

Nilisema nini kuhusu viatu?

Baba Nasra

Ulisema.